Sheria Ni Msumeno, Lakini Mpini Umeshikwa na Nani?

Februari 2016, watu waliokwenda kutibiwa Hospitali ya Palestina, Sinza, jijini Dar es Salaam, waliwakuta wazee wawili wakifanya usafi. Hawakuwa wafagizi wa kawaida. Mmoja alikuwa Basil Mramba, Waziri wa Fedha wa zamani. Mwenzake Daniel Yona, aliyewahi kuongoza Wizara ya Nishati na Madini. Julai 2015 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani kwa matumizi mabaya ya madaraka katika shauri la msamaha wa kodi uliopewa kampuni ya kukagua uzalishaji wa dhahabu. Hasara iliyotajwa mahakamani ilikuwa shilingi bilioni 11.7. Walipewa miaka mitatu, rufaa ikaipunguza hadi miwili, na kipande cha mwisho wakakimalizia na fagio, chini ya utaratibu unaowaruhusu wenye vifungo vifupi kuitumikia jamii.

Mwaka haujaisha, sheria ikawa na sura nyingine. Marekebisho yaliyofanywa kwa Sheria Na. 3 ya 2016 yaliagiza kwamba atakayetiwa hatiani kwa kosa la rushwa au uhujumu uchumi afungwe miaka isiyopungua 20 na isiyozidi 30. Sambamba na hilo ikaanzishwa divisheni ya Mahakama Kuu ya kushughulikia makosa hayo, ambayo wananchi waliipachika jina lao wenyewe: mahakama ya mafisadi.

Kati ya fagio la Sinza na miaka 20 ndipo lilipo swali letu. Mtu anapoiba mabilioni kwa kalamu, nani apime uzito wa adhabu yake: Bunge, kabla hata kosa halijatendeka, au hakimu aliyemsikiliza? Wengi wetu, tukikumbuka fagio lile, tungejibu haraka: Bunge. Jibu hilo lina sababu zake na tutazipa haki yake. Lakini tukiufuatilia msumeno huu tangu ulipochongwa hadi unapokata, tunakuta jambo ambalo halisemwi sana. Kiwango cha chini cha adhabu hakiondoi hiari ya mtu kuamua. Kinaihamisha tu, kutoka kwa hakimu anayetoa sababu zake hadharani, kwenda kwa mwendesha mashtaka asiyelazimika kumweleza mtu.

Tulikotoka

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mbichi, Tanganyika ilitunga Sheria ya Adhabu za Chini. Mtumishi wa umma aliyeiba mali ya mwajiri wake, mla rushwa, mvunja nyumba na mwizi wa ng'ombe wote waliwekwa kwenye jedwali moja: miaka miwili jela na viboko 24, nusu siku ya kuingia na nusu kabla ya kutoka. Upenyo ulikuwa mdogo mno. Mkosaji wa mara ya kwanza ambaye mali aliyoiba haikuzidi shilingi 100 angeweza kuhurumiwa, tena kukiwa na mazingira maalumu. Sheria ya 1972 iliyochukua nafasi yake iliondoa viboko, lakini ikaacha kanuni ileile: hakimu asishuke chini ya mstari.

Kisha ikaja Machi 1983. Maduka yalikuwa matupu, sabuni na sukari vikiuzwa kwa kificho, na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine akaendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Sheria ya dharura ya mwaka huo iliunda chombo maalumu cha kusikiliza mashauri hayo, ambako mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Mwaka uliofuata ikafutwa, ikaja Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1984, ambayo ndiyo iliyorekebishwa mwaka 2016. Neno "mhujumu" tulilolirithi lilizaliwa katika hasira ya foleni ya sukari, na hasira hiyo haijawahi kulitoka.

Hoja ya wanaotaka miaka isiyopungua

Wanaotetea kiwango cha chini wana hoja tatu, na ya kwanza ni nzito kuliko inavyosemwa.

Mwizi wa kalamu huingia kizimbani akiwa na kila kitu ambacho mahakama hukihesabu kuwa sababu ya kupunguza adhabu. Ni mkosaji wa mara ya kwanza. Ana elimu, familia, umri, cheti cha daktari na barua ya kiongozi wake wa dini. Ila sifa hizo hizo ndizo zilizokuwa mtaji wa ulaghai. Asingeaminiwa saini ya benki kama asingekuwa mtu wa heshima. Kumpunguzia adhabu kwa heshima yake ni sawa na kumrudishia mwizi wa usiku ufunguo bandia aliofungulia mlango. Kijana aliyekwapua simu Kariakoo hana barua ya mtu yeyote, na ndiyo maana yeye hupewa kifungo cha kueleweka.

Hoja ya pili inamlinda hakimu mwenyewe. Hakimu asiye na uwezo wa kupunguza hana cha kuuza, wala hana sababu ya kupokea simu ya mkubwa. Hoja ya tatu ni ya usawa: makosa yanayofanana yapate adhabu zinazofanana, iwe shauri limesikilizwa Kisutu, Moshi au Songea.

Hizo ni hoja za watu waliokaa na kufikiri. Swali ni kama sheria inafanya kinachosemwa.

Je, inatia hofu?

Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Utafiti mwingi wa wataalamu wa jinai wa zama zetu umeelekea hukohuko. Kwa mwizi wa ghafla hoja hiyo inaweza kubishaniwa. Kwa mlaghai mkubwa ni ngumu kuipinga, kwa sababu kazi yake yote ni ya hesabu, na hesabu yake ya kwanza ni kama nyaraka zitafunguliwa na mtu yeyote.

Tuchukue EPA. Katika mwaka wa fedha wa 2005/06 makampuni 22 yalichota shilingi bilioni 133 kutoka akaunti ya madeni ya nje katika Benki Kuu, mengine kwa hati za kughushi. Fedha zilitoka kwa sababu karatasi zilipita mezani kwa watu bila kuzuiwa, na jambo likafichuka kwa sababu wakaguzi walizipekua karatasi hizo. Ilipofichuka, Serikali iliwapa waliozichukua hadi mwisho wa Oktoba 2008 wazirudishe. Waliorudisha walinusurika na mashtaka. Baadhi ya wengine walipelekwa mahakamani na wako waliofungwa. Hata kama sheria ya wakati ule ingesema miaka 50, isingemgusa aliyerudisha fedha na kwenda zake. Kiwango cha chini cha adhabu kwa mtu asiyefika kizimbani ni sifuri.

Nani hasa hukatwa?

Tukizungumza juu ya miaka 20 ya uhujumu uchumi, picha inayotujia ni ya kigogo mwenye tai. Lakini sheria haikuandikwa kwa kufuata picha; imeandikwa kwa kufuata jedwali. Ndani ya jedwali la makosa ya uhujumu uchumi yamo makosa ya kukutwa na nyara za Serikali. Kwa hiyo mwanakijiji anayeishi kando ya hifadhi, akikutwa na paja la swala au nyama ya pundamilia iliyokaushwa bila kibali, naye ni mhujumu uchumi. Miaka 20 iliyotangazwa kwa ajili ya mapapa inamhusu na yeye pia. Ukisoma hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka ya karibuni, utawakuta wengi wa namna hiyo: watu waliohukumiwa miaka 20 kwa nyama, wakijitetea wenyewe bila wakili.

Sisemi ujangili ni jambo dogo. Mtu aliyeua tembo kwa ajili ya meno yake si sawa na aliyeua swala kwa ajili ya sufuria, na ndiyo hoja yenyewe: kuwatofautisha wawili hao ndiyo kazi tunayomlipa hakimu, nasi tumemzuia kuifanya.

Upande wa pili wa jedwali kuna pengo. Anayejipatia fedha za watu binafsi kwa udanganyifu hushtakiwa kwa kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu, ambayo kilele chake ni miaka saba na haina kiwango cha chini. Wasomaji wanaikumbuka DECI, mchezo wa "kupanda mbegu" uliosambaa nchi nzima kabla ya kusimamishwa mwaka 2009. Waliopanda walikuwa mama ntilie, walimu, wastaafu na waumini. Viongozi wake walipotiwa hatiani, walipewa nafasi ya kulipa faini badala ya kwenda jela. Aliyevuna kwa maelfu ya maskini akapimwa kwa mizani moja, na mwenye paja la swala kwa nyingine. Kilichowatenganisha ni jina la kosa lililoandikwa kwenye hati. Ukubwa wa ulaghai haukuhesabiwa.

Na hati hiyo huandikwa na nani?

Mpini umehamia wapi

Mfuatilie mshtakiwa wa uhujumu uchumi siku yake ya kwanza mahakamani. Anasomewa mashtaka, kisha anaambiwa asijibu lolote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Kama hati ina shtaka la utakatishaji fedha, hakuna dhamana. Mahakama Kuu iliwahi kusema mwaka 2020 kwamba katazo la namna hiyo linavunja Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikalirudisha. Anarudishwa mahabusu. Baada ya wiki mbili anasikia maneno ambayo kila mwandishi wa mahakamani anayajua kwa moyo: upelelezi bado haujakamilika. Atayasikia tena, na tena.

Anayeamua kama jambo ni uhujumu uchumi au wizi wa kawaida, kama utakatishaji uongezwe au uachwe, na kama shauri liendelee au liondolewe, ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Ukiwa na sheria inayosema miaka kati ya sifuri na kumi, uteuzi wa shtaka si jambo la kufa na kupona, kwa sababu hakimu anaweza kusawazisha mwishoni. Ukiwa na sheria inayosema si chini ya 20, uteuzi wa shtaka ndiyo hukumu yenyewe. Anayechagua jina la kosa amekwisha kuchagua miaka.

Septemba 2019 tuliliona hilo waziwazi. Rais John Magufuli alitoa siku saba kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kukiri na kurudisha fedha. Siku hizo zilipokwisha, Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kwamba watuhumiwa 467 walikuwa wameomba, wakiahidi kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Mwaka huohuo utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa uliingizwa rasmi katika sheria.

Mtu anaweza kusema: basi sheria kali imefanya kazi, fedha zimerudi. Na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini tujiweke katika nafasi ya mmoja wa wale 467. Mbele yake kuna miaka 20 ambayo hakimu hawezi kuipunguza. Nyuma yake kuna miaka kadhaa ya mahabusu ambayo hakuna anayejua itakoma lini. Kando kuna mlango ulioachwa wazi kwa siku saba. Mwenye hatia na fedha atapita. Asiye na hatia naye, akiwa na ndugu wa kumchangia, ana kila sababu ya kupita. Atakayebaki ndani ni asiye na kitu, awe na hatia au asiwe nayo. Kiwango kilichowekwa ili tajiri na maskini walingane kimekuwa bei ya kuanzia mazungumzo, na kwenye mazungumzo ya bei maskini hajawahi kuwa sawa na tajiri. Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, ilikuta manung'uniko juu ya makubaliano hayo.

Angalia pia shauri la akaunti ya Escrow ya Tegeta. Washtakiwa wawili wakuu walikamatwa Juni 2017. Miaka minne baadaye, mmoja alifikia makubaliano, akaamriwa kulipa mabilioni ya shilingi na kuachiwa. Mwingine aliachiwa mwaka huohuo baada ya upande wa mashtaka kutoendelea naye. Pengine uamuzi wote ulikuwa sahihi. Mwananchi hana njia ya kujua, kwa sababu ushahidi haukuwahi kumwagwa mezani na hakuna hukumu ndefu ya kusoma.

Wengine wamefanya nini?

Afrika Kusini ilikwenda njia hii mwaka 1997, kwa sheria iliyokusudiwa kudumu miaka miwili tu. Iliongezewa muda mara kwa mara, hatimaye mwaka 2007 ikawa ya kudumu. Ulaghai unaozidi randi 500,000 ni miaka 15 kwa mkosaji wa mara ya kwanza, 20 kwa wa pili na 25 kwa wa tatu. Wakishirikiana kama genge, mstari unashuka hadi randi 100,000. Lakini waliacha upenyo: jaji akiona sababu nzito za kumlazimisha, anaweza kushuka chini, mradi aziandike. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba iliiridhia sheria hiyo kwa sababu ya upenyo huo. Usingekuwapo, ingekuwa vigumu kuitetea.

Hata hivyo maji hutafuta mkondo. Schabir Shaik, mfanyabiashara aliyekuwa karibu na Jacob Zuma, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2005 kwa rushwa, pamoja na mitatu kwa ulaghai. Aliingia gerezani Novemba 2006, na Machi 2009 akatolewa kwa sababu za kiafya, baada ya miaka miwili na miezi minne. Jaji alifungwa mikono, daktari na bodi ya parole hawakufungwa. Ukiziba mlango mmoja wa huruma, wenye uwezo wataujua wa pili.

Kanada ina somo la aina nyingine. Huko Quebec, Vincent Lacroix wa Norbourg aliwaliza wawekezaji wapatao 9,200, na Earl Jones wa Montreal akala akiba za wazee waliomwamini. Hasira ya waathirika iliisukuma Serikali, na mwaka 2011 ikapitishwa sheria kwamba ulaghai unaozidi dola milioni moja uwe na kifungo kisichopungua miaka miwili. Ila Lacroix alikuwa amekwisha kupewa miaka 13 mwaka 2009, na Jones 11 mwaka 2010, bila kiwango chochote cha chini. Majaji walikuwa mbele ya sheria. Miaka miwili haiwezi kumgusa mtu kama Jones. Inaweza tu kumgusa yule mdogo aliye ukingoni, ambaye mazingira yake yangemfanya jaji asite.

Marekani, Bernard Madoff alipata miaka 150 mwaka 2009, na hakuna sheria ya kiwango cha chini iliyomlazimisha jaji. Waathirika wake hawakurudishiwa hata senti na hiyo miaka 150. Msimamizi wa mufilisi aliyefuatilia fedha benki kwa benki, kwa miaka mingi, ndiye aliyekusanya zaidi ya dola bilioni 14.

Karibu zaidi, Kenya imeweka ulazima wake mahali pengine. Sheria yake ya kupambana na rushwa ya 2003 ina kilele cha miaka kumi, lakini inaamuru kwamba aliyenufaika au kusababisha hasara alipe faini mara mbili ya kiasi hicho. Hapo kinacholazimishwa ni fedha, na fedha ndizo kosa lenyewe. Kuhusu vifungo, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema Julai 2024, katika shauri la makosa ya kujamiiana, kwamba adhabu za chini zilizowekwa na Bunge ni halali na mahakama za chini haziwezi kuzipuuza. Kwa hiyo anayetaka mabadiliko aende bungeni.

Uingereza nayo haina kiwango cha chini kwa ulaghai. Ina mwongozo unaopanga madaraja kwa hasara na kwa uovu wa mtendaji: kwa hasara ya pauni milioni moja na hatia ya juu, jaji huanzia miaka saba, kisha hupanda au kushuka kwa sababu. Tanzania nayo ilitoa miongozo yake ya utoaji adhabu mwaka 2023. Chombo tunacho; kinachokosekana ni nafasi ya kukitumia.

Kipi kifanyike?

Sipendekezi kurudi kwenye fagio. Hoja ya sifa njema kuwa mtaji wa ulaghai inatosha kutuonya kwamba hakimu aliyeachwa bila mstari wowote humwonea huruma anayefanana naye. Mstari ubaki, lakini uchorwe upya.

Kwanza, upimwe kwa ukubwa wa hasara na idadi ya walioumizwa, awe aliyeibiwa ni Hazina au mama ntilie. Paja la swala litoke humo. Pili, miaka iwe mahali pa kuanzia, na hakimu aweze kushuka kwa sababu nzito alizoziandika, ambazo Jamhuri inaweza kuzikatia rufaa. Tatu, na hili ndilo kubwa, deni hilohilo la sababu awekewe mwendesha mashtaka. Anapobadili uhujumu kuwa kosa dogo, anapoondoa shauri, anapokubaliana na mshtakiwa, aeleze kwa maandishi ndani ya mahakama ya wazi kiasi gani kinarudi, kwa nini na kwa nani. Nne, punguzo kwa anayerudisha fedha liandikwe kwenye sheria, liwe la siku zote na la watu wote, lisitegemee tangazo la siku saba. Na upelelezi uwekewe ukomo.

Hayo yote yatagharimu wakaguzi, wapelelezi wanaojua kusoma vitabu vya hesabu, na mahakimu wenye muda. Kuongeza namba kwenye fungu la sheria hakugharimu kitu, na pengine ndiyo maana tumelikimbilia.

Fagio la Sinza lilituudhi, lakini tulijua linatuudhi kwa nini. Hukumu ilisomwa Kisutu watu wakisikia, hasara ilitajwa kwa namba, rufaa iliandikwa, na kila gazeti lilieleza miaka mitatu ilivyopungua na kuwa miwili. Ya wale 467 tunajua idadi yao na jumla ya fedha walizoahidi. Nani kati yao aliiba, na nani alichoka tu kusikia kwamba upelelezi bado haujakamilika, hatukuambiwa.